Wiki ya Utamaduni Haitoshi: Mwanafunzi Aliyetoka Mbali Anahitaji Mtu wa Kumwendea

Wiki ya utamaduni imekuwa desturi katika vyuo vikuu vingi vya umma nchini Kenya. Wanafunzi huvaa shanga, lesso na shuka, hupika muthokoi, omena na pilau, hucheza ngoma za kwao mbele ya wakuu wa chuo na wageni waalikwa, na picha nzuri husambazwa kote. Sina ugomvi na sherehe hizo. Huwapa vijana nafasi ya kujivunia kwao, na katika nchi iliyowahi kumwaga damu kwa sababu ya ukabila, si jambo dogo kumwona Mjaluo akijifunza ngoma ya Wakamba. Lakini Jumatatu ikifika, kijana aliyeshangiliwa Ijumaa kwa vazi lake la Kiturkana hurudi kuwa peke yake na matatizo ambayo ngoma haiyafikii: mkopo uliokwama, kodi ya chumba isiyolipwa, alama za mtihani zilizopotea, na haya ya kuuliza swali darasani kwa lafudhi ambayo wenzake huicheka. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba vyuo vyetu vimewekeza katika tamasha vikamsahau mtumishi. Kinachomshikilia chuoni mwanafunzi anayetoka katika jamii isiyo na watu wengi pale ni mfanyakazi wa kudumu, anayejulikana kwa jina, mwenye ofisi, mshahara na mamlaka, ambaye kazi yake ni kumpokea, kumwelekeza na kumsemea. Kituo cha utamaduni kisicho na mtu huyo ni ukumbi tu.

Machakos inafaa sana kwa hoja hii. Mji huu ulikuwa kituo cha utawala wa Waingereza huku bara kabla Nairobi haijawa mji, na Machakos School, shule ya serikali, ilianza hapa mwaka 1915. Chuo Kikuu cha Machakos, kilichokua kutoka chuo cha ufundi, kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2011, kisha kikapewa hati ya kujisimamia kama chuo kikuu kamili Oktoba 2016. Mjini humu humu kuna Machakos Technical Institute for the Blind, taasisi ya ufundi ya vipofu, na kuna shule ya viziwi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika kaunti hii, wengi wao Wakamba. Lakini chuo kikuu cha umma si cha kaunti. KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapanga wanafunzi vyuoni, huangalia alama, kozi na machaguo ya mwombaji, kwa hiyo binti wa Lodwar au kijana wa Mandera anaweza kujikuta Machakos, mwendo wa usiku na mchana barabarani kutoka kwao, katika mji ambao sokoni husemwa Kikamba na ambamo hana ndugu hata mmoja. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2024, watahiniwa wapatao 962,000 walifanya mtihani na takriban 246,000 wakapata C+ au zaidi, alama inayofungua mlango wa shahada. Anayepata C+ katika shule ya nyika, iliyokosa walimu nusu ya mwaka, ametembea mwendo mrefu kuliko aliyepata alama iyo hiyo katika shule kubwa ya mjini. Huyo ndiye tunayempoteza kwa urahisi zaidi.

Tuwe wazi tunapomtaja mwanafunzi wa jamii isiyowakilishwa vya kutosha, maana hapa kwetu habari hii haifuati mkondo wa Marekani wa weusi na weupe. Kipengele cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iwe na mipango ya kuwapa watu wa makundi ya wachache na jamii zilizotengwa nafasi maalumu katika elimu, na pia iwasaidie kukuza mila, lugha na desturi zao. Katiba imeyaweka mambo hayo mawili, elimu na utamaduni, katika kipengele kimoja, na nadhani kwa makusudi. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotoa orodha ya kwanza ya kaunti zilizoachwa nyuma, ilizitaja 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Humo wamo Waaweer wa msitu wa Boni, Waorma wa Mto Tana, Warendile, na wengine ambao chuo kizima kinaweza kuwa na mmoja wao au kikose kabisa. Wapo pia Waogiek, ambao Mahakama ya Afrika mjini Arusha iliwapa haki yao juu ya msitu wa Mau Mei 2017, na wapo Wamakonde, walioanza kutambuliwa rasmi kuwa Wakenya mwaka 2016 tu. Yupo kiziwi, ambaye lugha yake haisemwi kwa mdomo. Na uchache hubadilika kwa mahali: Mkamba ni mwenyeji Machakos, lakini akipangiwa Eldoret au Maseno ni mgeni. Ndiyo sababu utaratibu ninaoutetea hauwezi kuwa zawadi kwa kabila fulani. Unamhusu yeyote ambaye katika chuo alichomo hana watu.

Matatizo ya mwanafunzi huyu huanza kabla hajaingia darasani. Kwa miongo mingi, vijana wa Garissa, Wajir na Mandera walipitishwa kwenye kamati za kuwasaili kabla ya kupewa kitambulisho cha taifa, utaratibu ambao Rais aliagiza ukomeshwe Februari 2025. Bila kitambulisho, mlango wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ni mgumu kufunguka. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 unawaweka wanafunzi katika makundi matano kwa kupima uwezo wa familia, na fomu yake huuliza habari za wazazi, mapato na ukubwa wa jamaa. Fomu hiyo iliandikwa na mtu anayefikiria mshahara wa mwisho wa mwezi. Mfugaji hana hati ya mshahara. Mali yake ni mbuzi na ngamia, na ukame wa 2020 hadi 2022, uliokuja na misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini. Familia iliyokuwa na uwezo mwaka 2019 yaweza kuwa haina kitu leo, na mtoto wao akawekwa katika kundi lisilomfaa. Kukata rufaa inawezekana, lakini rufaa inataka barua ya chifu, picha za nyaraka, intaneti, muda, na ujasiri wa kuingia ofisi ya watu usiowajua na kusema kwamba nyumbani hakuna kitu. Kijana wa miaka 19 aliyelelewa kuamini kwamba mtu mzima hatangazi shida zake mbele ya wageni hataingia ofisi hiyo. Ataondoka kimya, na daftari la chuo litaandika kwamba hakuripoti muhula wa pili.

Hapa ndipo utamaduni unapoacha kuwa mavazi na kuwa kazi ya ofisi. Mfanyakazi anayejua kwamba binti fulani hatazungumza na mwanamume peke yake chumbani atampangia mshauri wa kike. Anayejua kwamba Ramadhani itaangukia wiki ya mitihani ataiandikia idara ya mitihani mapema, na ataongea na wapishi wa kantini juu ya chakula cha daku. Anayejua kwamba jina la tatu la mwanafunzi wa Kisomali ni la babu na wala si la ukoo ataelewa kwa nini jina la mwisho katika nyaraka za baba na za mtoto halifanani, na hatawashuku udanganyifu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji jengo la mamilioni. Yote yanahitaji mtu anayejua, aliyepo, na ambaye barua yake hujibiwa.

Utafiti nao unaunga mkono jambo hili, ingawa mwingi umefanywa nje ya bara letu na lazima tuuchuje. Mwaka 1975 msomi wa Marekani, Vincent Tinto, alitoa nadharia iliyotawala mjadala wa wanafunzi kuacha chuo: kwamba mtu hubaki anaposhikamana na maisha ya chuo, kimasomo na kijamii, na huondoka mshikamano huo usipotokea. Baadaye nadharia hiyo iliazima wazo kutoka kwa Arnold van Gennep, aliyechunguza mila za kumvusha mtu kutoka rika moja hadi jingine. Mwaka 1992 msomi mwingine, William Tierney, aliikosoa kwa hoja nzito: mila za jando humvusha kijana ndani ya utamaduni wake mwenyewe, hazimhamishi kutoka utamaduni mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo si haki kumtaka mwanafunzi wa jamii ndogo aache kwao ndipo ahesabiwe kuwa amefaulu. Nami ningeongeza jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki analijua bila kufundishwa. Hata ndani ya jando na unyago wetu, mwari hakuachwa peke yake. Alikuwa na kungwi. Tumeurithi mpango wa kumtoa kijana kwao na kumpeleka mahali pageni, tukaitupa sehemu ya mpango huo iliyomtunza akiwa huko.

Mwaka 1994 mtafiti Laura Rendón alikaribia zaidi kiini cha jambo. Alichunguza wanafunzi ambao familia zao hazikuwa na mazoea ya chuo, akaona kwamba wengi hawakubadilishwa na huduma zilizokuwepo na kuwasubiri wazitafute. Walibadilishwa pale mtu fulani, awe mhadhiri au mfanyakazi, alipowafuata yeye na kuwathibitishia kwamba wanaweza na kwamba walichokuja nacho kina thamani. Hii ni tofauti kubwa. Kuweka ofisi na kuandika mlangoni saa za kazi humfaa mwanafunzi ambaye tayari anajiona ana haki ya kubisha. Mwanafunzi ambaye hana hakika kama chuo ni chake anahitaji mtu atakayemwita kwanza. Kwa hiyo swali la kuuliza chuo chochote kinachojisifu kwa kuwajali wanafunzi wake ni hili: ni nani, kwa jina na cheo, aliyeajiriwa ili awatafute?

Katika vyuo vyetu vingi jibu ni kwamba hakuna, ila kazi hufanyika hata hivyo, na wanaoifanya hawalipwi kwa ajili yake. Mhadhiri pekee anayetoka Marsabit huwa mlezi wa wanafunzi wote wa kaskazini, bila idara yake kumpunguzia hata saa moja ya kufundisha. Karani wa fedha anayejua Kisomali huitwa kutafsiri. Mhudumu wa bweni ndiye wa kwanza kugundua kwamba mtoto fulani hajala siku mbili. Amado Padilla, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliuita mzigo wa namna hii kodi ya kitamaduni katika makala aliyoyachapisha mwaka 1994: wasomi wa jamii za wachache hutozwa muda na nguvu ambazo wenzao hawatozwi, kisha inapofika zamu ya kupandishwa vyeo huulizwa mbona machapisho yao ni machache. Kwa wafanyakazi wasiofundisha hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hata mahali pa kuandika kazi hiyo katika fomu ya tathmini hakuna. Vyama vyao, KUSU na KUDHEIHA, vimepigania mishahara kwa miaka mingi na vinastahili sifa kwa hilo. Sasa vinapaswa kupigania pia kazi hii ipewe jina, daraja na malipo. Wema wa mtu mmoja mmoja ni jambo la heshima, lakini mtu huyo akihamishwa, akiugua au akichoka, hakuna anayeshika pale alipoachia.

Wala si ajabu kwamba watu hao ni wachache. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Tume iliyoundwa na sheria hiyo ilipokagua vyuo vikuu vya umma na kutoa ripoti mwaka 2012, ilikuta vingi vimeivunja, na mara nyingi kabila lililozidi ni la eneo ambalo chuo kimejengwa. Mwaka 2016, katika eneo la Eldoret, viongozi wa eneo waliandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi kupinga uteuzi wa kaimu mkuu wa chuo ambaye hakuwa mwenyeji. Tusijidanganye kwamba fikra hiyo iko Eldoret pekee. Kila penye chuo kuna sauti inayosema kazi za hapa ni za watoto wa hapa. Matokeo yake humwangukia mwanafunzi: anapita ofisi kumi na hakuna hata moja yenye mtu anayemfahamu alikotoka.

Mfano bora wa jinsi mambo yanavyoweza kuwa tofauti tunao nyumbani, na unatoka kwa viziwi. Kipengele cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali ikuze matumizi ya lugha za kienyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na breli. Lakini lugha hiyo haikuingia katika Katiba kwa huruma. Kuanzia 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya, ulioanzishwa na mwanaisimu Okoth Okombo, na viziwi wenyewe walishiriki kama wenye lugha, si kama wagonjwa wa kuchunguzwa. Kazi ya namna hiyo ilisaidia kuithibitisha kuwa lugha kamili yenye sarufi yake, na leo inatahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne. Angalia sasa kazi ya mkalimani wa ishara katika ukumbi wa mihadhara. Hakuna anayesema kwamba kiziwi aletewe wiki ya utamaduni badala ya mkalimani. Hakuna anayesema mkalimani anawatenga viziwi na wenzao, kwa kuwa kila mtu anaona kwamba yeye ndiye anayewaunganisha. Tunaelewa kwamba bila mtu huyo, kiziwi amekaa darasani lakini hayumo. Ninachosema ni kwamba kuna wanafunzi wengine wengi waliokaa darasani na hawamo, na uziwi ulioko kati yao na chuo uko upande wa chuo. Machakos, mji wenye taasisi za vipofu na viziwi, una watu wenye ujuzi wa kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu ambao chuo kikuu kingeweza kuwaajiri bila kwenda mbali.

Marekani, ambako vituo vya utamaduni vyuoni vina umri wa zaidi ya nusu karne, kuna mafunzo mawili. La kwanza ni la mpangilio. Kituo cha utamaduni wa Wamarekani weusi katika Chuo Kikuu cha Purdue kilianza mwaka 1969, baada ya wanafunzi kuandamana. Jengo lake la sasa lilifunguliwa 1999. Kwa miaka 30 kituo kiliishi kwa watu, kwa wakurugenzi na wafanyakazi waliokuwa na programu, maktaba na vikundi vya sanaa, kabla ya kupata jengo lililojengwa kwa ajili yake. Sisi huwa tunaanza na jiwe la msingi. La pili ni la hatari. Jimbo la Utah lilipitisha sheria ya kuzuia ofisi za namna hiyo vyuoni, iliyoanza kutumika Julai 2024, na Chuo Kikuu cha Utah kikafunga kituo chake cha weusi. Texas ilikuwa imetangulia kwa sheria yake iliyoanza kutumika Januari mwaka huo huo. Wapinzani wa vituo hivyo walidai kwamba vinagawanya watu na kupendelea baadhi, na hoja hiyo ilipenya hata katika vyuo ambako kazi ya vituo ilikuwa ikiwafaa maelfu. Anayetaka kujenga kitu kama hicho Kenya lazima aijibu hoja hiyo mapema, tena kwa uzito, kwa kuwa hapa kwetu ina historia chungu zaidi.

Historia yenyewe ni hii. Serikali ilipopiga marufuku SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Novemba 1987, iliwanyima vijana jukwaa la kitaifa, lakini vyama vya wilaya na makabila viliendelea. Wanasiasa wakavitumia kama ngazi: fedha kidogo, chakula cha jioni mjini, na kura za kambi. Ndiyo maana Bunge liliporekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu mwaka 2016, liliweka uchaguzi wa wanafunzi kupitia wajumbe wa vitivo na idara, mwenyekiti na naibu wake wawe wa jinsia tofauti, na viti vya makundi yenye mahitaji maalumu viwepo. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba ofisi ya utamaduni itakuwa ofisi ya ukabila hasemi upuuzi. Ninamheshimu, na ninadhani amekosea. Vyama vya kikabila vilistawi hasa kwa sababu chuo hakikuwa na mtu wa kumpokea mgeni. Kijana anayefika usiku akiwa na sanduku na hana chumba atakwenda kwa yule atakayempa godoro, na mwenye godoro akiwa ni chama cha kabila, basi chama hicho kimempata kwa miaka minne. Ofisi ya umma, yenye mtumishi wa umma anayemhudumia Mpokomo na Mkikuyu kwa daftari moja, huvinyang'anya vyama hivyo kazi yao kubwa. Sharti ni kwamba ofisi iwe moja kwa wote, mwenye kuiongoza achaguliwe kwa ujuzi, asitoke kila mara katika jamii kubwa ya eneo, na ofisi isigawe fedha wala isishughulike na uchaguzi.

Pingamizi la pili ni la fedha, na huwezi kulipuuza wakati vyuo vikuu vya umma vina madeni ya makumi ya mabilioni ya shilingi na wafanyakazi hulazimika kugoma ili walipwe haki zao. Lakini hebu tuhesabu upya. Chini ya mfumo wa 2023, ufadhili na mkopo humfuata mwanafunzi. Mfumo huo umepingwa mahakamani, Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, na serikali ikakata rufaa. Vyovyote utakavyoishia, karo ya mwanafunzi aliyeondoka mwaka wa kwanza ni karo ambayo chuo hakitaipata mwaka wa pili, wa tatu wala wa nne. Nafasi yake darasani inabaki wazi, na mhadhiri analipwa vile vile. Mfanyakazi mmoja akiwazuia wanafunzi wachache tu wasiondoke kila mwaka, chuo kimepata sehemu kubwa ya mshahara wake. Na hata kama hesabu isingetimia, chuo cha umma kilichokubali kumpokea mtoto kutoka Tana River kwa kodi ya Wakenya wote kimechukua dhamana ya kumfikisha mwisho. Kumpokea na kumwacha azame ni kupoteza fedha zilizokwisha kutumika kumsomesha tangu darasa la kwanza.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya Mkuu wa Wanafunzi, na kwamba ofisi yake inatosha. Ofisi hiyo husimamia nidhamu, mabweni, michezo, uchaguzi, ushauri nasaha na misiba ya maelfu ya vijana. Mwanafunzi anayeogopa mamlaka hamwendei kwanza mtu yule yule anayeketi katika kamati ya nidhamu. Kitengo kinachopendekezwa hapa kinaweza kuwa chini yake kiutawala, mradi kiwe na watu wake, bajeti yake na haki ya kuandika moja kwa moja kwa msajili, kwa idara ya fedha na kwa HELB.

Kuhusu sera za kumwingiza mwanafunzi chuoni, Uganda ilitufundisha jambo mapema. Kuanzia 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kiliwaongezea wasichana pointi 1.5 katika kujiunga, na idadi yao ikapanda. Kenya nayo imekuwa na unafuu wa kuingia kwa wasichana na kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Sera za mlangoni ni rahisi kupima, na kiongozi huweza kuzitangaza kwa sentensi moja. Kumshikilia aliyeingia ni kazi ya kila siku isiyoonekana, haina utepe wa kukata, na ndiyo maana haina mtetezi Bungeni. Lakini shahada hutolewa mwishoni, haitolewi mlangoni.

Baraza la Chuo Kikuu cha Machakos, linapopanga bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, linaweza kuanza na kidogo kinachodumu: afisa mmoja wa kudumu wa wanafunzi wa jamii za wachache na waliotoka mbali, mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya aliyeajiriwa na asiyekodishwa kwa siku, na saa zinazohesabiwa katika mzigo wa kazi wa kila mhadhiri au karani anayeitwa kusaidia. Chuo kiwahesabu walioondoka kwa kaunti na kwa sababu, kisha kichapishe hesabu hiyo kila mwaka bila kutaja majina. Wabunge wa kaunti zile 14 nao waulize, si tu ni wangapi wa kwao waliopangiwa vyuo, bali ni wangapi waliohitimu. Na wazazi wa Machakos, ambao watoto wao wako Garissa, Kisii na Pwani wakiwa wageni kama wageni walioko hapa, wana kila sababu ya kudai jambo hili lianzie mjini kwao. Nafasi hizo zitangazwe magazetini, pamoja na daraja na mshahara wake, kabla wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza hawajaripoti.